Goti la Kushoto Lisiruke

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshuka ngazi za shule kinyumenyume tena. Kupanda si kubaya sana. Kushuka ndiko kunakochoma, chini kidogo ya pia ya goti la kushoto, kama mtu kasahau sindano humo. Kwa hiyo huwageukia walio nyuma yangu na kubishana nao, ionekane ni mdomo ulionigeuza. Leo nyuma hakukuwa na mtu. Chini alikuwapo kocha. Akauliza nabishana na nani.

Akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, ambaye timu nzima tunamwita Mama Goti. Akaniuliza, mwanangu, kwa kumi, maumivu ni ngapi? Nikasema mbili. Akabonyeza. Nikasema mbili na nusu, machozi yakinitoka. Akanisimamisha kwa mguu mmoja juu ya ubao wa mteremko, nichuchumae polepole. Niliishia kumkumbatia shingoni.

Hukumu: kano inayoshika pia ya goti imechoka. Nimerefuka upesi, naruka kila siku, sipumziki. Goti hilo lisiruke hadi aseme yeye. Nifanye mazoezi ya kuimarisha mapaja, kwa subira.

Subira! Jumamosi kocha anachagua mtu mmoja wa kuruka juu kwenye mashindano ya shule zote, na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Tuko wawili: mimi na Twiga, ambaye alizaliwa tayari ameshafika juu.

Jumanne, 5 Machi

Sikulisikia somo la jiografia. Nilikuwa juu ya ufito. Kuna kipande kidogo cha muda pale, mgongo umepinda, uso umeelekea mawinguni, ambapo hakuna anayeniita. Dunia imenitua kidogo, kama mzigo, ili ipumue. Ni hicho tu ninachokitaka. Medali mpeni Twiga.

(Hapana. Msimpe.)

Nyumbani Mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaniona na barafu gotini. Akasema mficha maradhi... Hakumalizia. Kwetu methali huachwa nusu. Anayehusika huimalizia mwenyewe.

Nikiwa nimelala chali, nikitazama pazia likivuta pumzi dirishani, nikaona njia. Mama Goti alisema goti hilo lisiruke. Hilo. La kulia halikutajwa. Halina kesi.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi na mapema, uwanja una umande na mimi peke yangu. Kurukia mguu wa pili maana yake ni kukimbia kutoka upande wa pili, kupinda upande wa pili, kuwa mtu wa kwenye kioo. Jaribio la kwanza, nilipita chini ya ufito. La pili, niliupita pembeni na kuikuta nguzo. Baadaye nilibaki godoroni nikiangalia wingu moja lililokuwa halina haraka na lolote.

Twiga akatokea na begi lake. Akauliza, eti dada, bado tunashindana au siku hizi umeajiriwa kufuta godoro? Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema hongera, umegundua kwamba liko chini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevuka! Kimo cha watoto wa darasa la tano, lakini nimevuka. Siku nzima nilitembea kama niliyebeba maji kichwani.

Jioni goti la kulia likanigusa. Kwa adabu, kama jirani anayebisha hodi mara ya kwanza. Nimejifanya sipo nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Kocha aliniuliza kama nimeruhusiwa. Nikasema Mama Goti hana pingamizi na goti la kulia. Sikujua kwamba amekuja. Alikuwa ameketi nyuma ya kocha na mfuko wa barafu mapajani. Hakunikatalia. Alimwambia kocha, mwache, leo atajieleza mwenyewe.

Nikakimbia. Upepo mzuri, anga safi, ufito umetulia kama mstari wa mwisho wa shairi. Nikafika. Mguu wa kushoto ukamwachia wa kulia, wa kulia ukamwachia wa kushoto, kila mmoja akimwambia mwenzake tafadhali tangulia. Hakuna aliyetangulia. Mimi, ufito na nguzo moja tuliingia godoroni pamoja.

Twiga akachaguliwa. Ndiye aliyekuja kuniinua. Akasema, pona bwana, kumshinda mgonjwa hakuna utamu. Nililia begani kwake, maana ndipo ninapofikia.

Mama Goti akabonyeza la kushoto, kisha la kulia. Akauliza, kwa kumi? Nikasema saba, na tano. Akasema magoti yote mawili yatapona, ya umri wako hupona, lakini hayaponi kwa kudanganywa. Sasa yote mawili yasiruke. Akanifanya nirudie kwa sauti: yote mawili. Nikarudia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetii. Sijaruka hata kizingiti cha mlango. Nafanya mazoezi ya mapaja kama nilivyoambiwa, nimeegemea ukuta kana kwamba nimekalia kiti kisichokuwapo, na kwenye kiti hicho nawaza vizuri sana.

Nimewaza hivi: timu haina mtu wa kurusha tufe. Tufe halirukwi. Linarushwa. Adhuhuri nikaenda stoo na kulichukua lile kubwa la wavulana, maana muda ni mchache. Lilipopaa, kwa kitambo kidogo, lilikuwa juu na hakuna aliyeliita.

Bega limeguna kidogo. Sijamwambia mtu.