Pete ya Psike Ilivyohamishwa Mkono

Nyamazeni, enyi mlioketi nanyi mlioegemea milango, isikike habari ya Ruprecht, simba wa Bamberg, mchongaji wa mabamba ya shaba, aliyepigana na pete ndogo kuliko punje ya haradali!

Miezi saba shujaa huyo alichonga picha ya Erosi, mungu wa mapenzi, na mkewe Psike, wamekumbatiana msituni chini ya mialoni, bila uzi mwilini ila pete ya ndoa ya bibi. Ilikuwa zawadi kwa Mama Walburga, mjane mwenye ulimi wa upanga, ambaye bila ridhaa yake Ruprecht asingemwoa binti yake, Ottilie. Jumapili moja, wageni wa kahawa wakingojewa sebuleni juu, karatasi ya kwanza ikachapwa karakanani chini, na mjane akaikabili kwa lenzi.

“Mama, wako uchi,” Ottilie akanong'ona.

“Hao ni miungu, watavaa nini? Lakini pete iko mkono wa kushoto! Kwetu mchumba ndiye huvaa kushoto, mke huvaa kulia. Kumbe hawajaoana! Na wako msituni, tena mchana kweupe! Kijana, aibu hii niitundike juu ya kochi langu?”

Shujaa akapauka. Alikuwa amesahau jambo ambalo hata mwanagenzi halisahau: picha ya bamba hutoka imegeuka, kulia kukawa kushoto. Huzuni ilimshika kweli, kwani alimpenda Ottilie kuliko macho yake.

“Ewe shaba,” akanguruma, “umenisaliti mara moja, ya pili huioni!”

“Acha hotuba, Ruprecht, chonga!” Ottilie akamkatiza. “Wageni hao wanakuja!”

Akajifunga aproni kama deraya, akaisugua pete ya kwanza kwa chuma cha kulainishia hata ikafutika. Kisha akainua mkuki wake, patasi nyembamba kama sindano, akabana pumzi, na kwa pigo moja lililowatoa jasho wote watatu akachora pete mpya kwenye mkono wa pili. Wino ukapakwa, gurudumu likazungushwa, karatasi ikabanduliwa.

Mjane akainamia picha muda mrefu. Mlango wa juu ukabishwa.

“Wameoana,” akatamka.

Enyi wenye kalamu, andikeni! Siku hiyo pete yenye upana wa unywele ilivuka kutoka mkono hadi mkono, na heshima ya miungu ikaokolewa mjini Bamberg. Ruprecht akamkumbatia Ottilie, wino na jasho vyote pamoja.

“Haya, tosha,” Mama Walburga akasema, akipanda ngazi na picha yake. “Kesho asubuhi twende kwa padri. Nyinyi wawili siwaachii mwende msituni kabla hamjaoana.”