Damu Safi Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa maabara katangaza: atakayeleta damu safi kabisa ya mtu mwenye afya, ya kulinganisha na ya wagonjwa kwenye utafiti wa ini, ndiye msimamizi wa mashine mpya. Ni mimi au Miwani wa meza ya pili. Miwani! Mtu anayefuta kiti kabla ya kukaa! Mashine inahesabu vifuko. Seli za ini humwaga vifuko vidogo mno kwenye damu, na ini likiugua vinazidi, vinasambaza habari mbaya kwa seli jirani. Umbeya mtupu. Miwani anazunguka kutafuta wachangiaji. Mhangaiko wa nini? Damu ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Sharti: mchangiaji awe hajala kitu tangu jana. Nilijikaza. Lakini kantini iko njiani, na mpishi kaniita shemeji. Ukiitwa shemeji unakataaje? Chipsi mayai. Kabla ya kunitoa damu, muuguzi akauliza kama nina njaa. Nikamwambia sana. Damu ilipotulia, maji yake ya juu yalikuwa meupe kama maziwa. Usafi huo!

Jumatano, 5 Machi
Vifuko vyangu vimezidi vya wagonjwa wote wa wodini! Nimetamba korido nzima. Miwani akaniuliza, taratibu, kama nakumbuka kwamba wingi ndio ugonjwa. Wivu! Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akauliza kadi ya bima iko wapi. Sasa naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi kaniita. Kasema mashine imehesabu mafuta ya chipsi ikidhani ni vifuko. Alhamdulillahi, kumbe mzima! Akasema nisishangilie, twende kwanza nikapigwe picha ya tumbo. Ini lina mafuta kweli. Nisipoacha chipsi na soda, litaharibika. Nimelia chooni. Watoto wangu bado wadogo, jamani. Usimamizi kapewa Miwani. Mimi nimeingizwa kwenye utafiti pia: kundi la wagonjwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeapa: mboga, maji, kutembea. Damu itapimwa tena, na mhesabuji ni Miwani. Anicheke? Thubutu! Nitakuwa mgonjwa bora kuliko wote. Mke wangu hali mafuta, hivyo nimemwita kantini, nikamwomba atoe damu kwa jina langu. Akaniuliza kama na ini lake nalitaka. Akainuka, akaondoka. Atalainika tu, namjua. Namngojea hapa hapa. Niliagiza mayai matupu. Chipsi zimekuja zenyewe.