Uzinduzi wa Wodi ya Kuzalishia Pomboo

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa wenyeviti wa kamati, makamu wao na wasaidizi wa makamu wao, mabwana na mabibi mliokaa kwenye viti, na ninyi wengine mliosimama juani, itifaki yote imezingatiwa, aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi, hasa kutoka kwenye viti.)

Nimesimama mbele yenu, mimi niliyesoma habari za pomboo kurasa zote mbili, kutamka kwamba baada ya miaka minne ya mchakato jumuishi, shirikishi, endelevu na wa kidijitali, leo tunazindua Wodi ya Kuzalishia Pomboo katika jengo hili, ambalo zamani lilikuwa wodi ya wazazi. (Mkunga, kwa sauti: "Zamani ipi, mzee? Si ni ninyi mliotufungia?")

Mama mkunga, punguza jazba. Akina mama wanajifungulia stoo ya mafaili kwa muda tu, na data zinaonyesha kuridhika kwao kumepanda hadi asilimia mia moja na kumi na mbili, kwa mujibu wa dodoso nililojaza mwenyewe ili kuwapunguzia usumbufu. (Miguno.)

Turudi kwa pomboo. Mnyama huyu, ambaye si samaki, nasisitiza si samaki, maana mwaka jana niliwaambia ni samaki, hubeba mimba takriban miezi kumi na miwili, kwa hiyo anayeuliza mbona mradi umechelewa akamuulize kwanza pomboo mbona hana haraka. Mtoto wake hutanguliza mkia, kichwa kikaja mwisho, na ndiyo maana nasi tumetanguliza sherehe, mipango itafuata. Akishatoka, pomboo wengine, tuseme mashangazi, humsaidia mama kumsukuma mtoto juu avute pumzi ya kwanza, kisha mtoto hunyonya mwaka mzima, pengine miwili, bila kumsumbua kiongozi yeyote...

(Mama mmoja, akipenya katikati ya watu: "Mzee, mke wa mwanangu ameshikwa na uchungu huko stoo! Hakuna kitanda, hakuna maji! Tufungulieni wodi!")

Mama yangu, suala lako limepokelewa na litaundiwa kamati ndogo ya kimkakati. Mwambie mkweo avumilie. Pomboo anazaa miaka yote hana wodi, na hajawahi kuniandikia barua ya malalamiko! (Mkunga anakunja mikono ya gauni na kuondoka mbio. Wanawake wote wanamfuata.)

Naona akina mama wamehamasika, wanakwenda kukagua mradi. Safi sana! Pomboo oyee! (Mlinzi, peke yake: "Oyee.") Mkia mbele, maendeleo nyuma! (Mlinzi anatazama pembeni.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Wataalamu, ambao tutawaajiri wakipatikana. Na pomboo wenyewe, ambao, katibu wangu ameninong'oneza sasa hivi, hukaa baharini, na kutoka hapa hadi baharini ni siku mbili kwa basi. Kwa hiyo mkiingia humo msishtuke, hamna bwawa, hamna mashine, kuna vitanda vyenu tu kama mlivyoviacha. (Kufuli linapondwa kwa jiwe, mara tatu. Mlango unafunguka.)

Jamani, subirini! Utepe bado sijaukata!