Msife Kwanza, Nywele Hazijafika Mgongoni

Kata ya Nyahanga,
Kahama.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Mzee Boaz Mabula,
Mhunze, Kishapu.

Baba Mkwe Mdogo, shikamoo.

YAH: VIFO VYA UKOO KUTOZINGATIA HALI YA NYWELE ZANGU

Rejea kichwa hapo juu, cha barua na cha kwangu pia. Mimi ni Agnetha, Mama Blessing, mke wa mwanao Donatus. Najua unanijua, lakini mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa hapa Nyahanga, na taratibu zinataka mlalamikaji ajitambulishe. Natumaini wewe, ng'ombe na pamba mko salama. Sisi hatujambo. Donatus bado yuko Geita kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na akirudi nyumbani mto wake wa kulalia una vumbi la kutosha kuoshwa likatoa dhahabu.

Baba, mimi nina nywele za dawa. Kwa kuwa wewe una upara tangu ujanani na hakuna aliyekulaumu, nitaeleza kidogo ili tuelewane. Dawa ndiyo inayolainisha nywele zikalala. Watu hudhani kazi ni kuiweka. Kuiweka ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ni kuishi nayo. Haipakwi nywele nzima kila mara, hupakwa pale palipoota tu, maana ukirudia palipokwisha kulainika nywele huchoka na kukatika kama uzi mbovu. Haiwekwi kwenye kichwa kilichokunwa. Hairudiwi mpaka miezi miwili na ushee ipite, hata kama kuna harusi na wenzako wote wanang'aa. Kuna stimingi, yaani kuzifukiza kwa mvuke zikiwa na yai na mafuta. Kuna kukaa mbali na moto wa draya ya kukaushia. Kuna kusuuza kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi ya kutosha kukaanga samaki. Na kuna kulala umefunga kitambaa cha satini, ambacho Donatus akikiona huuliza nani amefariki.

Hapo ndipo ninapofikia lengo la barua hii. Katika ukoo wetu mtu akifa, siku ya kuanua matanga, sisi wake wote wa ukoo tunanyolewa. Mila siikatai. Nililipiwa mahari kwa mila na nitazikwa kwa mila. Ninacholalamikia ni utekelezaji, kama ifuatavyo:

1. Kifo cha Baba Mkwe, kaka yako, sikilalamikii. Alikuwa mtu mwema na nilimlilia kwa machozi yangu mwenyewe. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichotangulia, na orodha isiyo na namba moja haipokelewi popote. Nywele zilikuwa zimegusa mabega. Dada yako, Shangazi Paskazia, ndiye aliyeshika wembe, na aliponiona nimekunja uso akaniambia nywele huota, mtu haoti tena. Niliinamisha kichwa anyoe, kwa heshima. Sasa naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nywele za dawa haziachwi ziote tu. Huoteshwa.

2. Zilipogusa tena mabega akafa mzee mmoja mvuvi huko Nkome, ambaye mpaka leo hakuna aliyenieleza alikuwa nani wetu. Wewe mwenyewe ulisimama kwenye kikao ukasema huenda ni ndugu kwa upande wa nyanya yenu mdogo. Mwingine akasema hapana, aliwahi tu kuchunga ng'ombe pamoja na babu. Mjadala ukaahirishwa. Wembe haukuahirishwa. Je, ukoo ukija kuthibitisha kwamba marehemu hakuwa ndugu yetu, nitarudishiwa na nani?

3. Kuhusu wanaokataa kufa. Mwaka juzi Mzee Ng'wandu wa ukoo wetu aliugua, mkatutumia ujumbe kwamba ni wa leo au kesho, tujiandae. Mimi nilijiandaa. Zamu yangu ya kurudia dawa ilikuwa imefika, lakini Klara, msusi wangu, akaniuliza kuna faida gani kupendezesha nywele zinazokwenda kunyolewa. Tukasubiri. Mzee Ng'wandu naye akasubiri. Wiki zikapita, nikawa na nywele za aina mbili kichwani, chini ngumu zilizoota na juu laini za zamani, na mwenye nywele yeyote atakwambia kwamba pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Zikaanza kubaki kwenye kitana. Mzee Ng'wandu akaamka, akanywa uji, na msimu ule ule nilimwona kwa macho yangu akicheza ngoma kwenye harusi, vumbi likipanda mpaka magotini. Namshukuru Mungu kwa uzima wake. Lakini Baba, mtu akitangaza jambo mbele ya ukoo mzima, awe na msimamo.

4. Hasara ni ya kwenu. Mlipokuja kwetu kuposa mlileta ng'ombe wazuri, na mimi siku ile nilikuwa na nywele. Wazee waliziona, tena Shangazi Paskazia alizishika akauliza kama ni zangu. Kwa hiyo ng'ombe walitolewa kwa ajili ya mtu na nywele zake. Sijawahi kusikia Kishapu nzima mtu aliyenunua dume lenye pembe kisha akawa anazikata kila jirani yake anapofiwa.

5. Sasa nafikia lalamiko lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Linamhusu Bibi Limi, mama yako mzazi.

Bibi ametangaza kwamba amechoka na kwamba ataondoka pamba ikishavunwa. Ametangaza hivyo mbele ya watu, bila kikao na bila kuniuliza mimi, ambaye kwa sasa nywele zangu ni nzito kuliko wakati wowote tangu niolewe. Klara anazigawa kichwani anatikisa kichwa chake, anasema hajapata kuona nywele za dawa zilizojaa hivi kwa mtu anayeishi kwenye vumbi.

Tena Bibi ndiye aliyezianzisha. Baada ya ule msiba wa Nkome nilibaki Mhunze siku kadhaa nikiwa na kipara na aibu. Bibi aliniita, akanikalisha chini, akakiweka kichwa changu katikati ya magoti yake na kunipaka mafuta ya nyonyo kwa vidole vyake. Alifanya hivyo kila jioni mpaka nikaondoka. Hakunipa pole hata mara moja. Alisema tu, mayu, mama yangu, zitarudi nyingi mpaka zikuchoshe. Mama yangu mzazi alikufa sijajua kusuka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunishika kichwa bila kunilipisha.

Tangu hapo kila nikienda Kishapu Bibi husalimia nywele kwanza, mimi baadaye. Ananigeuza, anavuta ncha, anaweka kidole mgongoni pale zilipofika, kisha anakisogeza chini mpaka kwenye mfupa wa nyuma ya bega na kusema zikifika hapa nitakuwa nimeona, nitakwenda zangu kupumzika.

Wewe ni mtu mzima, Baba, umeelewa. Mwaka jana zilikuwa zimebakiza upana wa kidole. Mwaka huu pia zimebakiza upana wa kidole. Klara amepewa maagizo kwamba kila ninapotaka kwenda Kishapu anikate ncha, ili zisifike. Klara analalamika kwamba ncha zenyewe hazina ubaya wowote, zimekaa imara, ni dhambi kuzikata. Namwambia akate. Utauliza inakuwaje mtu analalamikia wembe wa ukoo huku mkasi anaulipia mwenyewe. Hizo ni taratibu mbili tofauti na naomba zisichanganywe.

Pia ijulikane kwamba mayai ya stimingi sasa yanakwenda Mhunze kila siku ya gulio. Na maparachichi. Na ile chupa ya mafuta ya nazi niliyonunua dukani kwa Mama Gulnaz, aliyeniapia kwamba hayajachanganywa na kitu, Bibi anapakwa miguuni kwa sababu inamwuma. Kichwa changu kimebaki na maji ya mvua na maombi. Nikitendewa haki, matumizi yote haya yataonyesha wazi kwamba nimewekeza kwa Bibi, na mtu hawezi kuondoka tu na mtaji wa mwenzake.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba yafuatayo. Wagonjwa wote wa ukoo watoe taarifa mapema, na wakishatoa waitekeleze au waifute kwa maandishi. Misiba isiyoepukika ipangwe ile wiki ya mwisho kabla sijarudia dawa, wakati ambapo hata mimi mwenyewe sizipendi nywele zangu. Watu wasiothibitika kuwa ndugu wazikwe na ndugu zao. Kama wembe ni lazima uguse kitu, niko tayari kuleta wigi langu la sikukuu, zuri, lioshwe, linyolewe mbele ya wazee wote, nami nilie inavyostahili.

Na kuhusu Bibi Limi, naomba ukoo umkatalie rasmi. Asipewe ruhusa. Uandike barua, uigonge mhuri wa kitongoji kama wa ukoo haupo, kisha ukamsomee wewe mwenyewe kitandani, maana wewe ndiye kitinda mimba wake na hajapata kukunyima neno. Umwambie nywele za Mama Blessing bado hazijafika. Akitaka ushahidi nitakuja ageuze mgongo wangu apime.

Wasijibu wazee kwamba kifo hakiombwi ruhusa. Najua. Lakini hata bwana shamba tuliambiwa haombwi, tukamwandikia, akaja.

Nakomea hapa kwa heshima, na nimenawa harufu ya dagaa kabla ya kuishika karatasi hii. Nisalimie Mama Mdogo na watoto wote. Mzee Ng'wandu msalimie, umwambie aendelee kucheza. Shangazi Paskazia msalimie pia, lakini wembe wake usisalimiwe. Bibi mnisalimie kwa kumshika mkono, maana sikio la kulia halisikii tena, na msimwambie habari za mkasi.

Wabeja, asante sana, Baba.

Ni mimi mkweo mtiifu na mwenye nywele,

Agnetha (Mama Blessing),
Katibu.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, namsubiri Ignas wa lori la pamba aje kuichukua, ndipo Shangazi Paskazia akapiga simu. Nawe utakuwa ulikuwa pale pale, kwa hiyo sitaeleza habari unazozijua. Amesema Bibi aliomba mlango ufunguliwe awaone ng'ombe wakitoka zizini, akawaona, akalala. Yai alilokuwa amechemshiwa lilikuwa bado la moto.

Halafu Shangazi akanipa ujumbe, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Bibi aliacha neno kwamba wake wote wa ukoo wanyolewe kama kawaida, lakini kichwa cha Mama Blessing kisiguswe na mtu. Alisema, zile nywele ni zangu mimi Limi, nimezipanda kwa mikono hii. Shangazi akasema wazee wamekubali, hata wewe umekubali, kwa hiyo nije na nywele zangu bila wasiwasi. Ombi langu limepita kabla sijaliwasilisha, jambo ambalo sijapata kuliona katika ofisi yoyote.

Nimetoka kwa kinyozi sasa hivi. Klara alikataa, aliweka mkasi chini akaenda kusimama nje, nikavuka barabara kwenda kwa kinyozi wa wanaume. Aliniuliza mara mbili. Nilimwambia anyoe zote, akanyoa. Nimezikusanya, nimezifunga kwenye kile kitambaa cha satini, nakuja nazo nimkabidhi mwenyewe kwa kuwa alisema ni zake. Nimezipima mezani kabla ya kuzifunga. Zile ncha tulizokata zingekuwepo, zingekuwa zimefika, na zaidi.

Ignas anapiga honi, napanda naye. Barua nitaileta kwa mkono wangu. Malalamiko namba moja hadi namba nne nayafuta, na maombi yake yote. Namba tano isifutwe.