Kiti Alichokalia Mama Mkwe

Ijumaa, 8 Agosti 2025. Babati.

Nimepoteza kiti. Leo saa tatu asubuhi, Msalato, uani kwa shemeji yangu Erick. Kiti kipya cha kukunja, cha kijani, chenye tundu la chupa ya soda. Hakijaibiwa. Kimekaliwa! Na mama mkwe.

Miaka kumi na minane nauza vifaa vya ujenzi Mkonze. Miaka kumi na minane nakaa juu ya mfuko wa saruji. Suruali zangu zote ni nyeupe nyuma. Safari hii ya familia, Nane Nane mpaka Jumatatu, nilitaka kitu kimoja tu: kuegemea mgongo kando ya Ziwa Babati. Nikajinunulia kiti. Cha kwanza maishani.

Tukampitia Erick na mama yake. Erick, mtu wa wizarani, hajawahi kubeba hata ndoo, akafungua buti bila kuomba, akakikunjua. Mama, kaa kidogo tupange mizigo. Mama akakaa. Kwisha! Kwetu, anapokalia mama mkwe, mume wa binti yake hapakalii tena. Kumwomba ainuke siwezi. Mimi na yeye hatuzungumzi moja kwa moja, maneno yanapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni nani? Erick!

Nimemuuliza kwa nini. Anasema, shemeji, kiti ni kiti tu. Anacheka! Mila anaijua kuliko mimi.

Tulisimama Kolo kuona michoro ya mapangoni. Nikapanga: mama akipanda mlimani, kiti nakificha chini ya tairi la akiba, namna ya kukikalia tena nitaitafuta baadaye. Ujumbe ukaja kupitia Erick kwamba magoti yake yanahitaji mapumziko njiani. Kiti kikapanda mlima. Mbebaji, mimi. Nimeona watu waliochorwa mwambani, wembamba, wote wamesimama. Hata wao walinyimwa pa kukaa.

Jumamosi, 9 Agosti. Babati.

Mbinu mpya. Nimeazima kiti cha plastiki kwa mama wa mgahawa wa hapa tulikofikia, kando ya ziwa, kipana, chenye mikono. Nikamtuma Erick akampe mama yake, ahamie huko. Jibu: mkwe wangu ana moyo mzuri. Kisha akaweka miguu juu yake.

Sasa ana viti viwili. Mimi nina dumu la maji.

Mchana sato wa kilo moja na nusu. Mbele ya mama mkwe mtu hatafuni, kwa hiyo nimemla nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Binti yangu Lydia kauliza baba kakosa nini. Swali zuri!

Jioni nimepata wazo. Kiti kikioshwa kwa maji mengi, kukaliwa kunafutika. Mila hii nimeitunga mwenyewe. Hakuna aliyeipinga, kwa sababu sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Agosti. Babati.

Bado natetemeka. Kwa hasira, si kwa baridi. Sawa, na baridi.

Alfajiri wote wamelala. Nimekisimamisha kiti ziwani, maji ya magoti. Sabuni ya kipande, nimekisugua mpaka vyuma. Suruali nimeitundika mtini isilowane. Nikakaa.

Jamani! Mgongo umeegemea! Ziwa lote langu!

Nusu soda haijaisha, mama mkwe huyo anakuja na rozari yake. Nikajitupa majini, kikabaki kichwa. Yeye kwa heshima akanipa mgongo. Mpaka hapo tumekwenda vizuri. Lakini haondoki. Anamwita mwanawe kwa sauti yote:

"Erick! Mwambie baba Lydia kuna kiboko nyuma yake!"

Erick toka chumbani: "Unasemaje, mama?"

"Mwambie baba Lydia! Kiboko!"

Nilisikia mara zote mbili. Lakini neno halijapita kwa Erick, basi kwa utaratibu halijanifikia. Nikasubiri nifikishiwe! Erick akaja taratibu, mswaki mdomoni, povu limejaa. Shemeji, eti mama anasema kuna kiboko.

Nikageuka. Masikio mawili, matundu mawili ya pua. Nikakimbia. Njia ya kutoka ilikuwa moja na mama mkwe kasimama katikati yake. Nimempita kwa chupi ya bluu. Nyuma yangu kiti kililia kama bati likikunjwa.

Jumatatu, 11 Agosti. Mkonze.

Kikao cha familia kimefanyika ndani ya gari. Aliyevunja heshima: mimi. Si Erick, si kiboko! Faini: vitenge doti mbili, na kiti kipya cha kukunja. Mama amekizoea, anasema Erick.

Kondoa, tulipotia mafuta, Erick amewasimulia wauza vitunguu wote. Wamenipa pole na kuomba kuiona chupi.

Jumatano, 13 Agosti. Mkonze.

Viti vimefika. Viwili! Cha bluu cha mama, chekundu changu, jina langu mgongoni kwa rangi ya mafuta. Nimepima buti: changu chini, chake juu. Erick akifungua, anakutana na chake kwanza. Safari ya Desemba, Ziwa Singidani, hanipati.

Nimerudi jioni toka dukani. Yasinta, mke wangu, anasema Erick alimleta mama kuchukua kiti chake. Akamwambia, mama, jaribu na hiki chekundu, ulinganishe.

Nikamuuliza Yasinta, alikaa? Anasema alikuwa anakaanga vitumbua, hakuona vizuri. Labda alikaa, labda aliegemea tu. Kisha akauliza kwani nikiketi sakafuni nitakufa.

Sabuni ipo. Bwawa la Hombolo si mbali. Habari za viboko huko sijauliza.

Lakini kwanza nimemtumia Erick ujumbe. Nauandika na hapa, asije akakana:

Shemeji, mama alikaa au aliegemea? Neno moja tu, usinichekee. Nalitaka kesho kabla ya saa sita mchana. Nitakuwa dukani, juu ya saruji.