Barua Kumi na Moja za Zuhura

Leo nimepatikana. Mchana kweupe, tena mbele ya mwalimu wa Kiswahili.

Mnajua nafanya kazi kwenye steshenari hapa Isevya. Kompyuta ni moja. Ukiiwasha inakuuliza wewe ni nani: Ramadhani au Zuhura. Ramadhani ni mimi. Zuhura nilifanya naye kazi miaka mitatu, kisha akapata ajira Kigoma, akapanda treni, akaenda zake. Bosi ameniambia mara nne nifute akaunti yake, inakula nafasi. Namjibu kwamba mtandao unasumbua. (Kufuta akaunti hakuhitaji mtandao. Bosi hajui.) Napenda tu kuliona jina lake asubuhi, pale chini ya langu.

Saa tano akaingia mama yake Zuhura, Mwalimu Hadija wa mtaa wa Ng'ambo, mstaafu. Simu mkononi, spika imefunguliwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Zuhura huyu hapa ana shida, ongea naye."

"Kaka Rama, habari za siku?" (Kaka. Miaka yote hiyo, kaka.) "Naomba unitafutie cheti changu cha kuzaliwa. Nilikiskani hapo, nikakiweka kwenye folda ya wote. Jina la faili silikumbuki."

Ile sauti. Miaka miwili sijaisikia. Akili ikahama, vidole vikabaki peke yao. Nikiwa ndani ya akaunti yangu mwenyewe, nikaandika ZUHURA kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza.

Sasa niseme ukweli. Tangu aondoke nimekuwa nikimwandikia barua. Sijatuma hata moja. Nilizificha ndani ya folda, ndani ya folda nyingine, ndani ya folda inayoitwa Matengenezo ya Printa. Nilijua hakuna binadamu atakayefungua hiyo. Sikujua kwamba kompyuta ikianza kutafuta haibishi hodi.

Matokeo yakashuka mojamoja. Mwalimu alikuwa amevaa miwani. Na walimu wa zamani hawasomi kimoyomoyo.

"Zuhura nimekukumbuka," akasoma. "Zuhura nimekukumbuka sana. Zuhura leo mvua imenyesha. Barua ya mwisho kwa Zuhura. Barua ya mwisho kabisa kwa Zuhura. Barua ya mwisho kabisa kwa Zuhura, mbili."

Nikakimbilia kufunga. Nikakosea kitufe, orodha ikapanuka ikajaa kioo kizima. (Sasa hata mteja wa mlangoni anasoma.)

"Ziko kumi na moja," Mwalimu akaiambia simu. "Cheti kiko chini kabisa."

Kwenye simu nilisikia pikipiki ikipita huko Kigoma.

"Ramadhani." Hakusema kaka. "Kwa nini hukuzituma?"

"Nilikuwa nazihariri."

"Miaka miwili?"

"Koma zilikuwa zinanisumbua."

Nadhani alicheka. Huenda alikohoa. Simu ikakatika, na mpaka sasa sijui kama ni salio lililokwisha au ni yeye aliyekata.

Nikamtumia cheti chake kwa simu, nakala nikamchapia Mwalimu. Zikatoka tatu badala ya moja. Akaikunja moja taratibu, akaitia mkobani, akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Kwenye hizo koma sikuona tatizo," akasema. "Barua hupelekwa, mwanangu." Akatoka.

Tangu hapo nimekaa tu. Mteja mmoja nimemtolea kopi ya karatasi tupu, akanishukuru kwa huruma. Simu haijaita. Barua zote nimeshazipanga tayari, anwani yake ya barua pepe nimeiandika, kidole kiko juu ya kitufe na kimegoma kushuka.

Kwa hiyo msinicheke, nitachekwa vya kutosha Ng'ambo. Nishaurini tu: barua kumi na moja hutumwa zote kwa mkupuo, au mojamoja?