Kocha wa Kokoto

Ukimwona mtu mzima ana filimbi shingoni na hana timu, kamata mkoba wako. Huyu alikuwa nayo, kwenye kamba nyekundu, na jina la Kocha alijipa mwenyewe asubuhi ile ile. Kabla ya hapo alikuwa Daktari wa Panya. Sumu aliyouza panya waliila wakanenepa, naye akahama mtaa.

Alikuwa ameegemea pikipiki yake, kitu pekee cha halali alichokuwa nacho duniani, nje ya jengo la ghorofa tatu ambalo halijafunikwa juu. Masikio yake yakapata sauti mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye jengo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa anafoka kwenye simu kwamba winchi imekufa, vibarua wamekwenda kwa tajiri mwingine, na kokoto zote ziko chini wakati Jumamosi zege linamwagwa juu. Ya pili ilitoka saluni ng'ambo ya barabara, mlango ukiwa wazi.

"Gauni la mwaka jana leo linakwama mabegani," alisema Msusi.

"Afadhali wewe," akajibu Fundi Cherehani, aliyekuwa kwenye kiti akisukwa. "Mimi nashona za watu, za kwangu kazi yangu ni kuzifumua."

"Nyama uzembe hizo," akasema shangazi yake Msusi, ambaye kazi yake pale saluni ilikuwa kukaa na kusema ukweli.

Mtu mwingine angeona shida mbili. Kocha aliona bwana harusi na bibi harusi, akaamua kuwafungisha ndoa.

Alianza kwa msimamizi. "Bosi, nina vibarua watatu wa kike. Hawachoki, hawavuti sigara, hawaombi kianzio. Ijumaa jioni kokoto zako ziko juu."

"Wa mwisho kuniambia hivyo alipotea."

"Mimi sipotei."

"Basi acha pikipiki. Kokoto zikifika juu Ijumaa, unachukua ufunguo na malipo. Zisipofika, naiuza natengeneza winchi."

Kocha akaigeukia pikipiki. Pikipiki ile mvua ikinyesha aliifunika kwa shuka lake mwenyewe, akalala bila shuka. Lakini tamaa ikishakushika mkono haiulizi unapenda nini. Akatoa ufunguo.

Kisha akaazima ndoo tatu za jengo, akavuka barabara, akasimama nazo mlangoni mwa saluni. "Mama zangu, shikamooni. Nimesikia kilio chenu."

"Marahaba. Tulikuwa tunaongea, hatulii," akasema Shangazi.

"Kukimbia saa nzima ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna mazoezi ya vipindi. Unajituma nusu dakika mpaka moyo upige hodi, unapumzika, unajituma tena. Robo saa umemaliza, unarudi kazini."

"Robo saa tu?" Fundi akageuza kichwa, Msusi akakirudisha mahali pake.

"Na mafuta yanatoka saa ngapi?" akauliza Msusi.

Kocha akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. "Hapo ndipo wanapowaficha. Mafuta hayaungui wakati wa kukimbia. Yanaungua ukishapumzika. Mwili unabaki na joto, kama jiko ulilokwisha kuipua sufuria, makaa bado mekundu."

Wanangu, uongo unaokwenda mbali huwa una mfupa wa ukweli ndani. Mazoezi hayo yapo na watu yanawafaa, na mwili kweli hubaki na joto baada yake. Ila ni kidogo. Kocha alichukua kijiko akakiita pipa.

"Na hizo ndoo za nini?" Shangazi akaonyesha kidole.

"Uzito. Matajiri wana vyuma, sisi tuna kokoto za hapo ng'ambo. Na ngazi tunayo, ghorofa tatu, upepo wa bure."

Wakalipa ada ya mwezi mzima papo hapo. Usiwacheke. Mtu akikuahidi utapungua bila kugusa sahani yako, hata wewe mkono utaingia kwenye mkoba.

Jumatatu filimbi ililia. Hakuna aliyeambiwa anyooshe hata kidole kwanza. Ndoo kichwani, mbio ngazini, mwaga, shuka, pumua kidogo, panda tena. Raundi ya tatu Fundi akashika ukuta.

"Kocha, naona nyota."

"Hayo ni mafuta yanaaga."

Msusi alishuka kwa makalio, ngazi moja moja. Shangazi, ambaye alikuwa na presha na hakumwambia mtu, alibaki juu mpaka moyo ulipokubali kurudi naye chini. Hapo ndipo Mungu alipowahurumia, maana mwingine angeshuka amebebwa. Lakini kokoto zilipungua, na Kocha alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumanne hakuna aliyetokea. Shangazi alikwenda kliniki.

"Yaani ulitoka kwenye kiti ukaenda moja kwa moja kukimbia ngazi na ndoo kichwani?" akauliza nesi.

"Kocha alisema."

"Basi wa kwanza kupimwa angekuwa yeye, kichwani." Nesi akamfunga kipimo cha presha mkononi. "Anayeanza anaanza kwa kutembea, mwili upate joto. Halafu aharakishe kidogo, aheme lakini aweze kusema neno. Apumzike zaidi ya alivyojituma. Leo afanye, kesho aache. Na wewe uzito usiuguse mpaka nikuone tena. Sukari kwenye chai nayo punguza."

Yote Shangazi aliyapeleka saluni, isipokuwa lile la sukari.

Jumatano wakaja wote watatu. Wakauzunguka mlima wa kokoto wakitembea polepole, kama wageni wanaotazama shamba. Kisha wakapanda ghorofa moja na ndoo tupu, wakashuka, wakakaa.

"Ndoo tupu?" Kocha aliuliza.

"Nesi kakataza uzito."

"Sawa, lakini inukeni, nusu dakika imekwisha."

"Tunapumzika," akasema Msusi. "Si ulisema mafuta yanaungua hapa?"

"Nilisema, lakini si kukaa mpaka kiti kiote mizizi."

"Kocha," akasema Shangazi kwa upole, "kama dawa iko kwenye kupumzika, mbona unatupunja dozi?"

Kocha akapiga hesabu. Akisema alidanganya, watadai ada, na ada alikwisha kuila. Akitazama stoo ya msimamizi, taa ya pikipiki inamwangalia kupitia wavu. Akachukua ndoo.

"Nawaonyesha mfano," alisema.

Mfano ule haukwisha siku hiyo. Alhamisi alifika mapema, akawakuta wameketi kivulini na viti kutoka saluni.

"Si leo ni siku ya kuacha?"

"Tumeacha," akasema Fundi. "Tumekuja kuona mfano."

Alipopita na ndoo, Shangazi akanyoosha mkono. "Nipe hiyo filimbi, baba. Huwezi kubeba na kupuliza." Tangu hapo kila alipokaa, ililia. Suruali yake ilianza kuteleza, ikabidi aifunge kwa kamba ya mfuko wa saruji. Kiatu kimoja kilifungua mdomo. Mafundi wa jengo walimpisha ngazini kwa heshima, maana kibarua wa namna ile walikuwa hawajamwona.

Ijumaa jioni ndoo ya mwisho ikafika juu. Kocha alishuka, akanyoosha mkono kwa msimamizi. Msimamizi akampita, akampa Shangazi bahasha na ufunguo.

"Bosi, mwenye kazi ni mimi."

"Kazi umefanya, macho ninayo. Ila Jumanne mama huyu alipita hapa anatoka kliniki, nikamwuliza mbona vibarua wenzake hawajaja. Akaniuliza, vibarua gani? Tukaongea vizuri sana."

Kocha akawageukia wanawake. Hakuna aliyekwepa macho yake.

"Hii ni ada yetu inarudi," akasema Msusi.

"Na nyota nilizoziona," akasema Fundi.

"Na presha yangu," akamalizia Shangazi. "Shida yako ulidhani mtu akitaka kupungua mwili, akili nayo inapungua."

"Malipo chukueni, mama zangu. Nipeni ufunguo tu."

Shangazi akampa Msusi, ambaye kabla ya saluni alikuwa akipeleka mikate madukani kwa pikipiki. Msusi akaitoa ile ya Kocha stoo, akaiwasha, Shangazi akapanda nyuma na filimbi yake mdomoni. Pikipiki ikaondoka mwendo wa mtu anayetembea. Kocha akaifuata. Filimbi ikalia, Msusi akakaza moto, Kocha akatoka mbio mikono mbele. Filimbi ikalia tena, pikipiki ikapoa, vidole vyake vikakaribia kiti.

"Pumzika, Kocha, mafuta yaungue," akasema Shangazi, akapuliza.

Muuza magazeti wa pembeni akamsogelea Fundi. "Ndiyo mazoezi gani yale?"

"Ya vipindi."

"Hata mimi natafuta ya kuanza. Yanaanzwa hivyo?"

"Hapana. Wewe uanze polepole. Yule ana kitu anakifukuza."

"Sasa watamrudishia lini?"

"Petroli ikiisha," akasema Fundi. "Na leo mchana msimamizi alitufungulia stoo, tumejaza tangi."